Mwezi wa Tisa Haubebwi na Mtu Mmoja

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Methali hii tumeizoea kiasi kwamba tunaitamka bila kuisikiliza. Tunaitumia misibani, tunaitumia katika mashauri ya urithi, hata wanasiasa huipandisha jukwaani wanapotaka kura za akina mama. Lakini hebu tujiulize, msikilizaji. Kabla uchungu wenyewe haujaanza, katika zile wiki nne au tano za mwisho ambapo mama hapati usingizi akilala kulia wala kushoto, ambapo viatu havimtoshi tena na kila anayepita anamuuliza "bado tu?", ni nani anayejua anachokijua yeye? Mganga wa zahanati anajua vipimo. Mume anajua gharama, kama ni mume mwema. Mama mkwe anakumbuka ya kwake ya zamani. Anayeijua hali ile kama ilivyo leo asubuhi ni mjamzito mwenzake.

Mazungumzo yetu ya wiki hii ni juu ya hao wawili, mjamzito na mwenzake, na juu ya maneno wanayopeana. Tutawafuata katika sehemu moja ya nchi, yaani Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita. Nimechagua huko kwa sababu katika muda wa miaka mia moja na kidogo sehemu hiyo imepitiwa na karibu kila jambo kubwa lililoipata nchi yetu: wamisionari, pamba, almasi, dhahabu, vijiji vya ujamaa, kisha dhahabu tena. Kila jambo lilipopita lilihamisha watu, na kila watu walipohama, mama wa mwezi wa tisa alijikuta amekaa mahali papya na majirani wapya. Historia ya nani alikaa naye ni sehemu kubwa ya historia ya nani alipona.

Tuanze na kumbukumbu. Wapo wanaosema kwamba mambo ya uzazi wa zamani hayana nyaraka. Si kweli. Usukumani nyaraka hizo zinatembea kwa miguu. Ukikutana na Kulwa na Doto unajua ni mapacha. Ukikutana na Shija unajua alizaliwa baada ya mapacha. Mabula ni mwanamume aliyezaliwa wakati wa mvua, na Kabula ni dada yake. Kashinje je? Kashinje ni yule aliyetanguliza miguu.

Hebu tulitazame jina hilo la mwisho. Mtoto kutanguliza miguu ni hatari kubwa kwake na kwa mama yake, hata leo pale ambapo kuna wodi na daktari. Jina hilo halikutungwa na daktari. Lilitokana na wanawake waliokuwamo chumbani, walioona kwamba hili si la kawaida, wakafanya walichoweza, na wakataka jambo hilo lisisahaulike. Leo wengi wanaoitwa Kashinje wamerithi tu jina la babu au bibi. Hata hivyo jina linatuambia kwamba wanawake wa zamani walikuwa na elimu yao ya uzazi, na kwamba elimu hiyo ilikaa midomoni mwao.

Mdomo kwa mdomo, wapi? Kaya ya zamani ilikuwa na wanawake wengi ndani yake: mama mkwe, wake wenza, mawifi, shangazi aliyerudi nyumbani. Mashauri ya mwezi wa tisa hayakuwa na kikao chake. Yalitolewa kwenye jiwe la kusagia, njiani kwenda kuteka maji, shambani wakati wa kupumzika. Mwanamwali mwenye mimba ya kwanza alisikia mengi bila kuuliza. Alijua mtoto akishuka tumbo hukaaje, alijua tofauti ya uchungu wa kweli na ule wa kudanganya, alijua nani aitwe usiku.

Lakini tusiyapambe ya kale kwa sababu tu yamepita. Mazungumzo yale yale yalibeba elimu na yalibeba hofu. Katika sehemu nyingi za nchi yetu uchungu ukikawia, mama alitakiwa kwanza aungame. Ilidhaniwa kwamba njia imefunga kwa sababu ametoka nje ya ndoa. Basi saa za kumwokoa zikageuka saa za kumhukumu. Wapo waliokufa wakiwa wamezungukwa na watu, na watu hao hao ndio waliowachelewesha. Tulikumbuke hili, maana tutalirudia: mazungumzo ni chombo, na chombo hutegemea kilichomo ndani yake.

Mwaka 1913 wamisionari wa Africa Inland Mission walianzisha hospitali Kolandoto, karibu na mji wa Shinyanga. Baadaye zikafuata hospitali nyingine za misheni katika Kanda ya Ziwa na jirani zake. Hakuna ubishi kwamba ziliokoa roho nyingi. Lakini kwa mama wa kijiji cha mbali hospitali ilikuwa kwanza ni safari, ya miguu, ya machela au ya nyuma ya baiskeli. Na alipofika alikuta utaratibu mgeni: wenzake waliomsindikiza walibaki nje ya mlango, yeye akaingia ndani peke yake. Tangu hapo jambo hilo limekuwa desturi ya hospitali zetu nyingi, kiasi kwamba tumeanza kuliona kama sheria ya Mungu. Mlango wa wodi ukatenganisha vitu viwili ambavyo mama alivihitaji kwa pamoja: ujuzi wa mkunga aliyesomea, na mwenzake anayemjua.

Kisha ikaja migodi. Mgodi wa dhahabu wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966. Mwaka 1940 Mkanada John Williamson aligundua almasi Mwadui, na pale porini ukazuka mji kamili, wenye uzio, nyumba za wafanyakazi na hospitali yake. Mke aliyemfuata mume katika miji ya namna hiyo alipata mengi ambayo dada yake kijijini hakuyapata. Alikuwa na mshahara wa mume na daktari wa karibu. Kimoja alikikosa, nacho ni kaya. Jirani yake wa kulia alitoka mkoa mwingine, wa kushoto akazungumza lugha nyingine. Ikabidi hao wageni watatu wajifunze kuwa ndugu kabla ya mwezi wa tisa kufika. Kiswahili cha miji ya migodi, msikilizaji, hakikukuzwa na wanaume wa mashimoni peke yao. Kilikuzwa pia uani, na wanawake waliokuwa wakiulizana, "Mwenzangu, na wewe miguu inavimba hivi?"

Tukaja kwenye uhuru, tukaja kwenye Azimio la Arusha la mwaka 1967, na mwaka 1974 Operesheni Vijiji ikapita Shinyanga kwa kishindo. Kaya za Kisukuma zilizokuwa zimetawanyika katika mashamba na malisho yake zikakusanywa katika vijiji vilivyopangwa kwa mistari. Mengi yamesemwa juu ya operesheni hiyo, mazuri na machungu, na leo si siku ya kuyarudia. Tuangalie tu mjamzito wetu. Alipoteza nini? Alipoteza majirani aliowazoea na njia alizozijua gizani. Alipata nini? Katika vijiji vingi alisogezewa zahanati, na katikati ya miaka ile ya 1970 huduma za afya ya mama na mtoto zikaenezwa nchi nzima. Ikaja kadi. Ikaja siku ya kliniki. Na pamoja na siku ya kliniki kikaja kitu ambacho hakikuandikwa katika mpango wowote wa maendeleo. Likaja benchi.

Msikilizaji, benchi la kliniki linastahili kuandikiwa historia yake. Mama anafika saa moja asubuhi ili awahi namba. Anakaa. Pembeni yake amekaa mwingine, na mwingine, matumbo yamepangana kama mitungi. Kwa muuguzi atakaa dakika chache: mizani, mkono wa kupima tumbo, kidole kutobolewa, vidonge vya kuongeza damu, haya, mwingine! Kwenye benchi atakaa asubuhi nzima. Sasa niambie, ni wapi hasa anapopata elimu yake?

Pale benchini utasikia mmoja anauliza, "Dada, mtoto akinyamaza tangu jana, hiyo ni kawaida?" Mwenye mimba ya nne anamjibu, "Wee, hiyo usiisubiri. Ukiingia mwambie nesi hilo kwanza, kabla hajakupima uzito." Mwingine anasema kichwa kinamgonga na macho yanaona ukungu, wenzake wanamsukuma mbele ya foleni. Hapo mtu ameokolewa, na hakuna kitabu cha zahanati kitakachoandika kwamba aliokolewa na benchi. Ni kweli benchi hilo hilo pia huzungumza upuuzi. Utasikia kwamba dawa fulani ya majani inaharakisha uchungu, kumbe inaweza kuupasua mfuko wa uzazi. Utasikia kwamba anayepasuliwa hakuwa mwanamke kamili. Ndiyo maana nilisema tusisahau: chombo hutegemea kilichomo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwanaanthropolojia Mmarekani Denise Roth Allen aliishi mkoani Shinyanga akisikiliza wanawake. Kitabu chake kikatoka mwaka 2002. Hoja yake kubwa, ukiitoa katika lugha ya wasomi, ni hii: wataalamu wa afya walikuwa na orodha yao ya hatari za mimba, na wanawake walikuwa na orodha yao, na orodha hizo mbili hazikuwa zinasalimiana. Kadi iliuliza umri, urefu, idadi ya mimba. Mama mwenyewe alikuwa akiogopa mambo mengine kabisa, na alipita kwa muuguzi, kwa mganga na kwenye maombi akitafuta atakayemsikiliza. Kadi haikuwa na mahali pa kuandika hofu. Hofu iliandikwa benchini.

Dunia nayo ilikuwa imeanza kuamka. Mwezi Februari 1987 ulifanyika mkutano mkubwa Nairobi juu ya uzazi salama, ikaelezwa kwamba wanawake wapatao nusu milioni walikuwa wakifa kila mwaka kwa sababu ya mimba na uzazi. Hapa kwetu miaka ya 1980 na 1990 wakunga wa jadi walipewa mafunzo na vifaa, kisha mwelekeo ukabadilika, ikasisitizwa kila mama azalie mikononi mwa mtaalamu, na mkunga wa jadi akabakiwa na kazi ya kumsindikiza. Mwaka 1993 tukaanza kuchangia gharama za matibabu. Wajawazito walisamehewa, kwa maandishi. Lakini nani asiyeujua mfuko wa kujifungulia? Glovu, pamba, uzi, wembe, mpira wa kutandika, kanga mbili tatu safi. Mama asiyekuwa na mfuko aliona aibu kwenda, na aibu, ndugu zangu, imeua watu. Wanawake wakautatua mfuko kwa njia yao. Mmoja alinunua glovu jozi mbili, akampa mwenzake moja. Aliyekwisha jifungua alifua mpira wake vizuri, akampitishia anayefuata. Hakuna wizara iliyowaagiza.

Wakati huo huo dhahabu ilikuwa imerudi. Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu, Kakola, Katoro, majina ambayo vijana wa nchi nzima waliyasikia na kufunga mizigo. Mwezi Agosti 1996 wachimbaji wadogo kwa maelfu waliondolewa Bulyanhulu ili kupisha mgodi mkubwa. Katika maelfu ya watu wanaohama kwa mkupuo, wajawazito hawakosi kuwamo. Mgodi mkubwa wa Geita ukaanza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, Buzwagi karibu na Kahama mwaka 2009. Mwaka 2012 Geita ikawa mkoa kamili.

Sasa mtazame mama wa machimboni. Huyu si yule wa kaya ya zamani, wala si yule wa nyumba za wafanyakazi Mwadui. Amefika na basi, pengine na mwanamume aliyekutana naye njiani. Chumba ni cha mabati au maturubai. Mama yake mzazi yuko Kigoma, au Singida, au Mara. Mchana anaponda mawe, au anauza chakula kwenye mwalo, na kwa sababu hapati siku isiyo na kazi ataendelea kuponda hadi mwezi wa tisa. Akisikia dhahabu imetoka kijiji cha pili, jirani yake wa jana hayupo leo. Huyu ndiye anayehitaji mwenzake kuliko wote, na ndiye ambaye ni vigumu zaidi kwake kumpata.

Tena machimboni kuna jambo ambalo bibi zetu hawakulijua na kwa hiyo hawakutuachia usemi juu yake. Nalo ni zebaki. Wachimbaji wadogo huitumia kukamata dhahabu, kisha huichoma. Mvuke wake ukivutwa na mjamzito hupita kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Wajapani walijifunza habari za zebaki kwa gharama kubwa katika mji wa Minamata, ambako ugonjwa wake ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Kule zebaki ilitoka kiwandani, ikaingia baharini na kufika mezani kwa njia ya samaki, lakini somo kwa mwenye mimba ni moja: walikuwapo akina mama ambao wao wenyewe hawakuonyesha dalili kubwa, lakini watoto wao walizaliwa wakiwa wameathirika vibaya. Na Wajapani wana desturi ya kuhifadhi kitovu cha mtoto nyumbani kama kumbukumbu. Miaka baadaye wanasayansi walivipima vitovu hivyo, wakaikuta zebaki. Sisi tunasema mtu kwao ni pale kilipozikwa kitovu chake. Basi tujue kwamba kitovu nacho hukumbuka mama alikuwa anavuta hewa gani. Nani atamwambia hayo mama anayepika karibu na mahali zebaki inapochomwa? Bango la ofisini hatalisoma. Atamwamini mwenzake atakayemwambia, "Shoga, sogeza jiko lako huku, ule moshi si mzuri kwa hilo tumbo."

Mwaka 1994 wataalamu wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika jambo ambalo limekuwa msingi wa mipango mingi ya uzazi duniani. Walisema mama mwenye matatizo hufa kwa kuchelewa mara tatu: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akifika. Uchelewaji wa pili na wa tatu unahitaji barabara, gari, damu na madaktari. Ule wa kwanza unaanza nyumbani, katika maneno. Nani anasema twende? Nani anasema tusubiri kidogo? Nani ana ruhusa ya kuuza mbuzi usiku?

Hapa niwaulize ndugu zangu wa Shinyanga swali la kirafiki. Mapema miaka ya 1980, sungusungu ilizaliwa huko Unyamwezini na Usukumani, Kahama ikiwa miongoni mwa sehemu za mwanzo. Wezi wa ng'ombe walikuwa wamezidi. Wananchi wakajipanga wenyewe, filimbi ikipulizwa kijiji kizima kinatoka, na kila mwanamume alijua zamu yake. Ng'ombe akapata ulinzi. Uwezo wa kujipanga usiku kwa usiku, bila gari na bila simu, upo, umeonekana. Je, mama anayetokwa damu saa nane za usiku alipuliziwa filimbi gani?

Pengine mtu atasema haya ya mazungumzo ni ya kufariji moyo tu, kinachookoa ni kisu na dripu. Basi tusikilize vipimo. Mwaka 1980 watafiti walichapisha habari za hospitali moja ya Guatemala. Akina mama wenye mimba ya kwanza waligawanywa: wengine walijifungua peke yao kama ilivyokuwa kawaida ya hospitali, wengine walipewa mwanamke wa kukaa nao, asiye muuguzi, tena ambaye hawakuwahi kumwona kabla. Kazi yake ilikuwa kuwashika mkono, kuwapapasa mgongo na kuzungumza nao. Miongoni mwa waliojifungua bila matatizo, waliokuwa peke yao walichukua wastani wa zaidi ya saa 19 tangu kupokelewa. Waliokuwa na mwenzao walichukua saa zisizofika 9. Mkono wa mtu na maneno yake tu.

Baadaye ukaja ushahidi wa makundi. Kule Nepal wanawake wa vijijini walikutana kila mwezi na kiongozi wao ambaye hakuwa mtaalamu wa afya, wakataja matatizo yao ya mimba na uzazi, wakachagua la kushughulikia, wakapanga, wakatenda. Mengine yalikuwa mambo madogo: mfuko wa fedha za dharura, machela ya kijiji, vifaa safi vya kujifungulia. Mwaka 2004 ikaonekana vifo vya watoto wachanga vimepungua kwa asilimia 30. Mwaka 2013 yakajumlishwa majaribio 7 ya namna hiyo kutoka Bangladesh, India, Nepal na jirani zetu Malawi. Pale ambapo angalau wajawazito 30 katika kila 100 walihudhuria, vifo vya akina mama vilipungua kwa karibu nusu, na vya watoto wachanga kwa theluthi moja. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likayapendekeza makundi hayo kwa sehemu za vijijini zenye huduma haba. Kwa hiyo tunaposema benchi linaokoa hatupigi soga.

Na kwetu? Tuseme kweli, hatukukaa bure. Mwezi Novemba 2012 ilianza kampeni ya Wazazi Nipendeni, mjamzito akatuma neno MAMA kwenda namba 15001 na kupokea ushauri bure kwenye simu kulingana na umri wa mimba yake. Huko huko kwenye ukanda wetu, Sengerema na Shinyanga, ndiko ulikojaribiwa mpango wa usafiri wa dharura uitwao m-mama: simu inapigwa bila malipo, na pasipo na gari la wagonjwa, dereva wa kawaida wa pale kijijini anamchukua mama na kulipwa kwa njia ya simu. Mwezi Aprili 2022 mpango huo ukazinduliwa kuwa wa nchi nzima, namba yake 115. Hiyo ndiyo filimbi iliyokuwa imekosekana. Na wale wa upande wa Geita na Sengerema waliokuwa wakikimbizwa hospitali ya Bugando, ambayo imekuwapo Mwanza tangu mwaka 1971, walikuwa wakikwama kusubiri kivuko. Mwezi Juni 2025 daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa takriban kilometa 3, likafunguliwa. Mama mwenye uchungu haulizi tena kivuko cha mwisho kimeondoka saa ngapi.

Takwimu nazo zinatupa moyo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 1996 ulikadiria vifo vya akina mama 529 katika kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2015 na 2016 bado ulikuwa na 556, miaka ishirini ikawa kama tumesimama. Ule wa mwaka 2022 ukaonyesha 104. Mwaka 1999 akina mama 44 tu katika kila 100 walizalia kwenye vituo vya afya, mwaka 2022 wakawa 81. Haya ni makadirio, lakini mwelekeo wake hauna shaka, na waliofanya kazi hiyo wanastahili shukrani zetu.

Lakini wale 104 ni akina nani? Hapa, msikilizaji, ndipo penye neno langu la leo. Barabara ikijengwa, gari likiwapo, kituo kikifunguliwa, anayebaki nyuma ni yule asiye na wa kumwambia "twende". Ni msichana aliyeficha mimba. Ni mama wa machimboni aliyehamia juzi. Ni mke aliyekatazwa kutoka mpaka mume arudi. Namba 115 ni ya bure, lakini haijipigi yenyewe. Lazima awepo mtu pembeni anayeona kwamba uso huu umevimba kuliko jana.

Na usidhani haya ni ya Geita peke yake. Wewe unayesoma gazeti hili mjini, Mwanza, Dar es Salaam, Mbeya au Arusha, angalia nyumba unayopanga. Vyumba sita, uani mmoja, bomba moja. Chumba cha tatu yupo binti wa mwezi wa nane ambaye hatoki sana. Mama yake yuko mbali. Mumewe ni dereva wa masafa. Tumezoea kusema mambo ya watu si yetu, na huo tunauita ustaarabu wa mjini. Kumbe tumejenga machimbo yetu wenyewe, ya kuta za simenti.

Kuna mambo mawili ambayo yamo ndani ya uwezo wetu. La kwanza ni la wakubwa. Tangu mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani limependekeza mama awe na mwenzake anayemchagua mwenyewe wakati wa uchungu. Ule mlango wa wodi uliowaacha wasindikizaji nje unaweza kufunguliwa, kwa pazia kati ya vitanda na kwa kiti kimoja cha ziada. Zile nyumba za kusubiria karibu na hospitali, ambamo mama wa mbali huja kukaa wiki za mwisho, ziwe na jiko, maji na mahali pa kuketi pamoja, maana mama hakimbilii upweke. Na muuguzi mwenye nusu saa siku ya kliniki aitumie kulisahihisha benchi badala ya kulinyamazisha. Wenye mimba ya kwanza wakae karibu na wenye mimba ya nne, dalili za hatari zitajwe kwa lugha ya benchi: kutokwa damu, kichwa kikali, macho kuona ukungu, kuvimba uso na mikono, chupa kupasuka kabla ya uchungu, mtoto kuacha kucheza.

La pili ni la kwetu, na halihitaji bajeti. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Nami naongeza kwamba mgongo mmoja haubebi mwezi wa tisa. Leo jioni, ukifika nyumbani, mwambie mkeo, au dada yako, au nenda wewe mwenyewe ukiwa mama, ukagonge kile chumba cha tatu. Muulize tarehe yake ni lini, mfuko wake umekamilika kiasi gani, na usiku yakitokea ya kutokea atamwamsha nani. Akikosa jina la kutaja, mpe la kwako.